Verna Mae Bickel, Mwanachama wa Maisha (1947–2024)

Marehemu Verna Mae Bickel alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, katika nyumba ya shamba ya wazazi wake, Harold na Edna Hummel, hapa Stony Hollow, wilaya ya Snyder, Pennsylvania. Jumanne ilikuwa siku ya kupiga pasi. Mama yetu alisimulia kwamba alikuwa kwenye shati la tatu uchungu ulipomshika, akasema amalizie la nne kwanza, na mtoto hakumsubiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kumwambia Verna asubiri. Mimi ni Galen Hummel, mdogo wake wa pekee, niliyezaliwa miaka minne baadaye, na Mchungaji ameniomba nisome ukurasa mmoja. Nimeandika zaidi ya mmoja. Mchungaji atanisamehe. Dada yangu yeye asingenisamehe, maana sasa hivi angekuwa ameshasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Hakuwahi kukalia kiti chote. Watu wa kanisa hili ni mashahidi: benchi la tatu kushoto, Verna amekaa ukingoni, anakunja na kukunjua karatasi ya matangazo mpaka inalainika. Nyumbani alikula amesimama. Baba alimwita Miguu. Akiingia kutoka zizini alikuwa akiuliza, "Miguu kaenda wapi?" na Mama hakuinua hata uso. "Mlimani," alijibu, "au njiani kwenda mlimani."

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Stony Hollow kuanzia mwaka 1953 hadi ilipofungwa mwaka 1959, kisha akaenda sekondari ya wilaya, alikohitimu tarehe 4 Juni 1965. Huko alikuwa katika timu ya wasichana ya kulenga shabaha. Siku zile bunduki ilipanda basi la shule pamoja na mwenyewe, ikakabidhiwa kwa mwalimu wa hesabu, ikakaa kabatini kwake mpaka kengele ya mwisho, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka wake wa mwisho timu ilishika nafasi ya pili katika jimbo zima. Picha yao bado iko ukutani katika ukumbi wa zimamoto. Verna ni yule ambaye sura yake haionekani vizuri, kwa sababu aligeuka.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo ni lazima niliseme hapa, kwa sababu nimelinyamazia miaka sitini. Jumatatu ya tarehe 2 Desemba 1963 ilikuwa siku ya kwanza ya kuwinda kulungu dume. Shule zilifungwa, kama kila mwaka, na Baba alinichukua mlimani kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimetimiza miaka kumi na miwili. Verna alikuwa na kumi na sita, na alilenga vizuri kuliko sisi wawili. Baba alimweka kwenye jiwe kubwa la juu, mimi akaniweka chini kwenye msonobari ulioanguka, akatuambia tusitikisike. Mimi sikutikisika. Nilikuwa nimeganda kwa baridi, na nilikuwa nalia. Verna alivumilia nusu saa, kisha miguu ikamwasha, akaanza kutembea taratibu kwenye vichaka vya ubavu wa mlima, na kulungu wa pembe nane aliyekuwa amelala mle akainuka, akashuka moja kwa moja hadi mbele ya bunduki yangu. Nilifyatua mara moja tu.

Gazeti la wilaya liliandika: Galen Hummel, miaka 12, kulungu wake wa kwanza. Baba alinibeba mabegani mbele ya watu wote pale dukani. Verna alisimama pembeni katika koti lake jekundu la sufu, miiba imeng'ang'ania hadi magotini. Jioni, tulipokuwa tunaosha vyombo, ndipo aliponiambia polepole, "Kulungu ni wako, Galen. Miguu ilikuwa yangu." Hakukasirika. Alitaka tu niwe najua.

Baada ya shule aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, akashona kola kwa miaka ishirini na minne, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1989. Kazi ya kukaa haikumfaa, na yeye mwenyewe alikiri kwamba alishona haraka ili apate sababu ya kuinuka. Kisha akawa dereva wa basi la shule hadi mwaka 2012. Wengi mlioketi humu mmepanda basi lake. Mnakumbuka kwamba ukichelewa dakika moja ulimwona akiondoka, na ukichelewa dakika mbili ulimkuta anakusubiri kwenye kona inayofuata, amefungua mlango, anakuambia, "Haya, mheshimiwa, panda. Mfalme wa usingizi."

Kuanzia mwaka 1974 alifundisha somo la usalama wa uwindaji katika ukumbi wa zimamoto, kila Septemba, bila malipo. Hakuna aliyepata leseni ya kuwinda katika bonde hili kwa miaka arobaini na tano bila kupita mikononi mwake. Alifundisha akitembea. Aliwazunguka watoto kwenye viti vyao, akawauliza ghafla, "Bunduki hii ina risasi au haina?" Anayejibu haina alirudishwa nyumbani hadi wiki inayofuata. Jibu lilikuwa moja tu: sijui mpaka niangalie. Aliwahi kumrudisha nyumbani hata mtoto wa mkuu wa polisi, na mkuu wa polisi alipokuja kulalamika, akamuuliza na yeye.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa katika kanisa hili na Lester Bickel, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua. Walijaliwa watoto wawili, Denise na Craig. Lester alipenda kukaa barazani jioni, na kwa miaka thelathini na tisa kiti cha pili cha baraza kilikuwa kitupu huku mwenyewe akipita mbele yake na ndoo, na ngazi, na mbwa wa jirani. "Nilioa," alisema Lester, "lakini sijapata kukaa naye." Alisema akicheka. Alifariki mwaka 2008, na dada yangu alikaa kwenye kile kiti cha pili jioni nzima ya siku ya mazishi. Hatukumwona tena amekikalia.

Sasa nifike kwenye Ligi. Wapo wageni humu, kwa hiyo nieleze kidogo. Ligi ya Wamiliki wa Bunduki ndicho chama kilichotutetea mahakamani na bungeni tangu enzi za babu yetu, na hapa Stony Hollow kadi yake ilikaa kwenye pochi pamoja na leseni ya gari. Verna alijiunga mwaka 1968. Mwaka 1973, niliporudi kutoka jeshini sina hamu na kitu chochote, alikuja shambani akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na kadi yenye jina langu: mwanachama wa maisha. Alikuwa ameilipia kwa kola, kola moja baada ya nyingine, wala hakuwa bado na ya kwake. "Ili uwe na mahali pa kwenda," aliniambia. Nilikwenda. Mikutano ya chama ndiyo iliyonitoa kitandani mwaka ule, na sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili kabla ya leo.

Mwaka 2020 zikatoka habari za mkurugenzi mkuu wa Ligi, Royce Tunnell. Ndege za kukodi. Nyumba ya ziwani. Suti na tai ambazo bei ya moja tu ingelipia kukata nyasi za uwanja wetu wa shabaha msimu mzima. Mwanasheria mkuu wa jimbo ilikosajiliwa Ligi akaifungulia kesi, akataka ivunjwe kabisa. Sisi tuliokuwa tunatuma michango yetu kwenye bahasha tukajiona wajinga, na hakuna kitu kinachomuuma mtu wa bonde hili kama kuonekana mjinga.

Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 2021, kwenye karamu ya kuku wa kuchoma ya klabu yetu ya shabaha, Clair Snook, mwenzetu wa klabu, alipanda juu ya benchi na mkasi wa kukatia bati. Akakata kadi yake vipande vinne. Wanaume wakapiga makofi, wakapanga foleni. Verna alikuwa anagawa saladi ya kabichi.

"Verna, lete na yako," alisema Clair. "Au unangoja Tunnell akuandikie barua ya mapenzi?"

"Clair, banda lako linavuja mwaka wa sita na mkasi huo hujaugusa. Leo ndiyo umeupatia kazi?"

Watu wakacheka. Clair akawa mwekundu.

"Mwizi yule! Na wewe unamtetea!"

"Namtetea wapi? Nakuuliza tu. Mwizi akiingia jikoni kwako, anayetoka ni nani? Wewe?"

"Mimi nishatoka," Clair alisema. "Bakini naye."

Nilikuwa wa kumi na mbili kwenye foleni. Verna aliweka kijiko chini, akaja akasimama kando yangu. Hakupaza sauti. "Galen, hiyo nilikununulia mimi."

Nikamjibu, "Basi ulinunua upuuzi."

Nimelisikia neno hilo kila siku tangu nilitamke. Kadi yangu ilikatwa mara moja tu, katikati, kwa sababu mkono wa Clair ulikuwa umechoka. Siku ile zilikatwa kadi arobaini na tatu. Watu walipoondoka, Verna alibaki anaokota vipande kwenye nyasi ili ng'ombe wa Snook wasije wakavila, akavitia kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa na mayai ya kuchemsha ya siki na biti. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa nimeshapanda gari.

Baada ya hapo mimi na dada yangu tuliongea habari za mvua kwa muda mrefu. Tuliongea pia habari za mahindi, na magoti yangu. Yeye aliendelea na Ligi peke yake, akaenda mikutano ya mwaka kwa gari, mwendo wa saa kumi na moja barabarani, na ubao wake wa kuandikia wenye kibanio juu ya kiti cha abiria. Mahakama ilimwona Tunnell kuwa ametumia vibaya mali ya wanachama, naye akajiuzulu Oktoba 2022, lakini bodi ileile ikamweka naibu wake, na tai zikawa zilezile shingo nyingine. Verna aliona hakuna njia ila kuibadilisha bodi. Sheria ya Ligi inaruhusu mtu asiyetakiwa na bodi kuingia kwenye karatasi ya kura, mradi apate sahihi mia tano za wanachama wa maisha, kila moja na namba yake ya uanachama, kwa wino, mwenye sahihi awe hai siku karatasi zinapotumwa. Mgombea wa wanachama waliotaka mabadiliko alikuwa Dolores Kemp, wakili mstaafu wa Ohio. Verna alijitolea kutafuta sahihi katika wilaya sita.

Mjukuu wake Tessa, anayeishi Philadelphia, na ambaye hapendi bunduki wala chama cha bibi yake, alimwambia siku ya Shukrani mwaka ule, "Bibi, si uiache tu ife?"

"Ikifa kwa hoja zako nitakupa mkono," alisema Verna, "na pai juu. Lakini haifi kwa ajili ya tai za Tunnell. Sogea, nipite."

Aprili 2023 walituma sahihi mia tano na tisa. Makao makuu yakafuta thelathini na moja, namba hazikuwepo au zilikosewa, wakaanguka kwa ishirini na mbili. Verna alipiga simu makao makuu kugombana. Aliyepokea ni mama mmoja wa masjala. Verna alimuuliza, kwa hasira, watu wangepatikana wapi wakati nusu ya wilaya wameshatoka chamani kwa kukata kadi zao.

"Mama," yule wa masjala alimwambia, "mwanachama wa maisha hatoki kwa mkasi. Anatoka kwa barua, au anatoka kwa jeneza. Kuna aliyeandika barua?"

Hakuna aliyeandika. Wanaume arobaini na tatu walikuwa wamekata plastiki, wakaenda nyumbani wakiamini wameipiga Ligi pigo, kumbe majina yao hayakutikisika kwenye daftari. Kilichotikisika ni kura zao tu. Tunnell alikuwa ameachiwa njia na watu waliodhani wanampinga. Na miezi yote ile Verna aliwapita kwenye milango yao na ubao wake, hakuwabishia hodi, kwa sababu na yeye aliamini hivyohivyo.

Alishusha ile chupa. Denise anasema alimkuta ameinama juu ya meza ya kulia chakula, anaunganisha vipande kama viraka vya blanketi, anazinakili namba. Kesho yake, akianza upya kwa ajili ya kura ya mwaka uliofuata, alikuwa bandani kwa Clair Snook.

"Clair, wewe bado ni mwanachama."

"Nilijitoa. Kila mtu aliniona."

"Ulikata plastiki, bwana. Hii hapa namba yako. Saini."

"Na kama sitaki?"

"Basi andika barua ya kujitoa, nitaipeleka posta mwenyewe. Kimoja au kingine. Lakini usiniambie umetoka na huku bodi ya Tunnell inakuhesabu."

Clair alisaini. Tangu siku hiyo akawa dereva wake wa Jumamosi, akilalamika kila maili. Walipata ishirini na sita kati ya wale arobaini na tatu. Waliobaki walikuwa kumi na saba, na mmoja wao ni mimi.

Mimi hakuniambia nisaini. Kila karatasi ya Verna ina mistari kumi, na kila karatasi mstari wa kwanza aliuacha mtupu. Watu walimuuliza. "Una mwenyewe," alisema, akawaelekeza wa pili. Niliziona karatasi zile mezani kwake, moja juu ya nyingine, zote wazi pale juu, na nilikunywa kahawa yangu nikaongea habari za mvua. Wengine walidhani ni msimamo. Haukuwa msimamo. Nilijua kwamba nikishika kalamu ile nitalazimika kusema habari ya neno nililomwambia, na sikuwa na pa kuanzia. Mtu wa miaka sabini na mbili, na sikuwa na pa kuanzia.

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliuliza swali moja: ataweza kuendesha gari mpaka lini. Kuanzia hapo nilimpeleka mimi kwenye matibabu, kila Alhamisi. Wagonjwa wengine walikaa na mablanketi. Verna alizunguka chumba cha dawa akiusukuma ule mti wa chuma wenye mfuko wa dawa, ubao kwapani, anatafuta wanaume wenye kofia za klabu za shabaha. Muuguzi alimwambia, "Bibi Bickel, nakuomba ukae, sindano itatoka."

"Itatoka au haitatoka?" alimuuliza.

"Sijui mpaka..." muuguzi akaanza.

"Mpaka uangalie. Vizuri sana. Angalia upesi, yule mzee wa dirishani anaondoka."

Alipata sahihi kumi na moja katika chumba kile. Wawili wa waliosaini wametangulia mbele yake, na yeye mwenyewe aliwafuta, kwa rula, kwa sababu sheria ni sheria.

Mwezi Machi miguu ilikataa. Kitanda kililetwa sebuleni, kikaelekezwa mlimani. Hilo lilikuwa gumu kuliko maumivu, kwake na kwetu. Mikono ilitembea juu ya shuka kutwa nzima. Jumapili iliyopita nilikaa naye baada ya ibada. Nilidhani amesinzia.

"Galen."

"Nipo, dada."

"Mstari wako uko wazi."

"Lala, Verna."

"Nitalala sana. Mwisho wa kutuma ni Jumamosi."

Nilimwambia tutaongea kesho. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu. Jumatatu alikuwa haongei tena, na Jumanne, tarehe 16 Aprili 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki nyumbani kwake, Denise amemshika mkono mmoja, Craig mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Jumatano Dolores Kemp alipiga simu kutoka Ohio kutupa pole. Alilia, kisha, kwa shida, akasema lililobaki. Walikuwa na sahihi mia tano na tatu. Ya Verna sasa haihesabiwi, kwa maana ameshatoka kwa njia ile ya pili aliyotajiwa na mama wa masjala. Zimebaki mia tano na mbili, na makao makuu yakifuta kama mwaka jana, kazi yake yote ya miaka miwili inaanguka tena. Denise alichukua rula ya mama yake, akapiga mstari juu ya jina la mama yake. Nilimwona anafanya hivyo, na sijui kama nimewahi kuona kitu kigumu zaidi ya hicho.

Kisha akanipa ile chupa nitafute kadi yangu. Nilimwaga vipande vyote mezani. Yangu haikuwemo. Denise akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaleta koti jekundu la sufu, lile la mlimani, akaniambia nitazame mfukoni. Kadi yangu ilikuwa mle, imegandishwa kwa selotepu pande zote mbili, vizuri, kama kola. Kando yake kulikuwa na kalamu ya wino mweusi.

Verna ameacha watoto wawili, Denise na mumewe Ray, na Craig na mkewe Lorna. Wajukuu wanne, Tessa, Brett, Holly na Wade. Kitukuu mmoja, Ansel, aliyeanza kutembea wiki iliyopita na ambaye tayari hakai. Ndugu mmoja, mimi Galen, na mke wangu Phyllis. Pamoja na kila mtoto wa bonde hili aliyefundishwa kuangalia kabla ya kujibu. Walimtangulia wazazi wake na mumewe Lester, ambaye tunamzika Verna kando yake leo, na ambaye hatimaye atakaa naye.

Baada ya kutoka kaburini tutashuka ukumbini. Kuna nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, na pai ya zabibu kavu kama inavyopaswa kwenye msiba. Karibu na pai kuna ubao wa Verna, na orodha ya namba zilizotoka kwenye chupa. Humu kanisani wamo kumi na wanne kati ya waliokata kadi na hawajasaini. Sitawataja. Najua mnavyojisikia, kwa sababu nilikuwa wa kumi na saba wenu. Asiyetaka aandike barua ya kujitoa, na hilo nalo ni jibu la mtu mzima, bahasha zipo. Posta ya hapa itafungwa kesho saa tano na nusu asubuhi, na Clair atakuwa nje ya mlango wa ukumbi, gari limewashwa.

Asubuhi ya leo, kabla sijafunga tai, nilikaa mezani kwa dada yangu. Kwenye karatasi ya juu kabisa, mstari wa kwanza, niliandika jina langu, na namba ya kadi aliyoninunulia mwaka 1973.

Verna, haukuwa upuuzi. Nisamehe. Jina ni langu, kama mara ile. Miguu ilikuwa yako. Sasa kaa, dada, kiti chote. Pumzika kwa amani.